Roja si ndiyo

Juzi umeme ulikata kama kawaida, na mudogo yangu, huyu wa mwisho, alikuwa amebakiwa na asilimia kumi kwenye simu na bado anachezea gemu ya ndege. Anaruka na kaCessna juu ya Goma yetu hii hii, anazunguka juu ya ziwa vizuri kabisa, halafu anageuka kaskazini anaenda kugonga Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano. Mara ya tatu akaweka simu chini akaniuliza, "Yaya, kama rubani njo anaangalia na macho yake mwenyewe, sasa batu ba mnara banafanyaka nini?"

Nilicheka ila swali halikunitoka, juu mi mwenyewe nilisoma urubani wa ndege ndogo Nairobi na hilo swali lilinichukua miezi kulielewa, na siku nililielewa nilikuwa nimeshasema uongo mmoja angani ambao mpaka leo nikiukumbuka tumbo linakaza.

Basi nikachukua kipande cha makala (huku kwetu makala ni makaa, wenzangu wa Dar msichanganyikiwe, na hii mnayosoma nayo ni makala, lugha yetu haina huruma) nikaanza kumchorea kwenye simenti ya baraza. Nikachora raniwei, njia ya ndege kurukia na kutulia. Nikachora mnara, kule wanakokaa waongoza ndege. Nikachora kamstari kanazunguka raniwei kama uzio wa shamba.

Nikamwambia hivi, kuna kuruka kwa vyombo, hiyo zaidi ni ya wakubwa wenye ndege kubwa, unaingia kwenye wingu huoni kitu na bado unajua uko wapi. Halafu kuna kuruka kwa macho. Hapo lazima uone ardhi, uone mbele, ukae mbali na mawingu, na mbali si maneno tu, kuna vipimo: kwenye anga ya kuongozwa huku chini kwetu ndege ndogo wanataka uone angalau kilomita 5 mbele, na wingu liwe mita 1500 pembeni yako na mita 300 juu au chini yako. Ukikosa hivyo, bila ruhusa maalum hauingii. Sasa hiyo kuruka kwa macho unaweza kuifanya kwenda kwenye kiwanja kisicho na mtu, unajitangaza tu kwenye redio, mnapishana wenyewe kwa wenyewe. Ila kama kiwanja kina mnara, pale anga ina mwenyewe. Huingii bila kuongea naye, hutui bila kuambiwa tua, hata chini ukishatua huvuki raniwei bila ruhusa.

"Kwa hiyo njo yeye anakuonyesha njia?"

Hapo ndipo penye utata. Nikamwambia fikiria rond-point Tshukudu saa ya jioni na rulaji, askari wa barabarani, amesimama katikati. Anakupigia mkono, pita. Lakini kama kuna chukudu, lile baiskeli letu la mbao la mizigo, imejaa magunia inashuka kasi na wewe hukuiangalia kwa sababu rulaji alisema pita, nani atalala hospitali? Rulaji ataandika tu. Mnara unapanga foleni, nani wa kwanza nani wa pili, nani asubiri. Kuiona ndege nyingine na kutoigonga, kwa anayeruka kwa macho, hiyo kazi inabaki mikononi mwako.

Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Lakini yeye hajakulia nyumba ile ile, kwa maana kwamba Papa alikuwa ameshazeeka akawa mpole.

Mi nimekulia Birere. Kwa wasiojua Goma, Birere imeshikana na mwisho wa kusini wa kiwanja cha ndege, yaani sisi ndege tulikuwa hatuziangalii, tulikuwa tunaishi nazo, mama anasimamisha maneno katikati anasubiri ndege ipite halafu anaendelea kukugombeza pale pale alipoachia. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka mjini ikafunika kipande cha kaskazini cha raniwei, na kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinatumia kile kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria, DC-9, ilishindwa kuruka ikapitiliza mwisho wa raniwei ikaingia mtaani kwetu, sokoni. Sitaandika mengi juu ya ile siku. Watu wananiuliza ilikuaje mtoto wa Birere akataka kuwa rubani baada ya kuona vile, na mi sina jibu zuri, labda nilitaka tu kujua kule ndani wanaongeaga nini.

Papa alikuwa na sheria moja ya kuishi Goma, na kila mtu wa rika langu hapa aliisikia kwa namna yake. Ukikutana na mtu mwenye uniform, au mwenye mhuri, au hata mwenye kalamu kwenye mfuko wa shati, unasema "ndiyo shefu". Kwanza "ndiyo shefu", kuelewa utaelewa mbele ya safari. Usiulize mara mbili, anayeuliza mara mbili anaonekana mjeuri, na mjeuri analala ndani. Ilitulinda sana hiyo sheria, sitaidharau. Nimepita nayo vizuizi vingi.

Halafu nikapanda nayo basi, nikavuka Gisenyi, Kigali, Kampala, mpaka Nairobi, na nikaingia nayo Wilson.

Wilson si kule mnakotua na ndege kubwa. Ni kiwanja cha ndege ndogo, kiko ndani ya mji, kimepakana na Nairobi National Park, na kina shughuli kama soko la Virunga siku ya Jumamosi: Caravan za kupeleka watalii Maasai Mara, helikopta, ndege za madaktari, Dash 8 za kwenda pwani, na katikati ya hao wote sisi wanafunzi na Cessna zetu tunatapatapa. Kina raniwei mbili, 07/25 na 14/32, na kiko karibu mita 1690 juu ya bahari, juu kidogo kuliko Goma. Hilo la urefu lina maana yake, hewa ni nyepesi, injini inavuta kidogo, na ukitua spidi mita inasoma noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa) lakini kiukweli unapita hewani kwa noti sabini na kitu, kwa hiyo ardhi inakuja haraka kuliko kitabu kinavyokuandaa. Mwalimu wangu alikuwa anasema ndege haina habari na unachojisikia, inajua hewa tu.

Kuruka kwenyewe sikuogopa. Nilichoogopa ilikuwa kile kitufe cha redio kwenye usukani.

Elewa hali yangu, Kiswahili nimezaliwa nacho, Kifaransa nimekisoma kwa fimbo, Kiingereza nimekiokota. ICAO, shirika la dunia la usafiri wa anga, wana mtihani wa Kiingereza cha redio wenye ngazi 6 na wanataka angalau ngazi ya 4, huo niliupita, lakini kupita mtihani ukiwa umekaa kwenye kiti ni kitu kimoja, na kontrola, yaani muongoza ndege wa mnarani, wa Nairobi anayeongea na ndege nane kwa pumzi moja ni kitu kingine. Nilikuwa na daftari, naandika maneno yote kwa Kiswahili vile ninavyoyasikia, "klia tu landi" (umeruhusiwa kutua), "ripoti fainali" (sema ukinyooka kuelekea raniwei), "holdi shoti" (simama kabla ya raniwei). Ndani ya matatu nikawa naongea peke yangu mpaka siku moja konda akaniuliza kama niko sawa.

Ulikuwa wimbo wa mambo manne. Unaita mnara, unasema wewe nani. Ukijibiwa unasema uko wapi, uko futi ngapi, unataka nini. Basi. Wao wanakupa raniwei inayotumika, upepo, kipimo cha kuweka kwenye altimeta (kifaa cha kusomea uko juu kiasi gani), na jinsi ya kujiunga. Halafu yale ya maana unayarudisha neno kwa neno, raniwei gani, altimeta ngapi, umeruhusiwa kutua au la, ili wasikie kama umesikia walichosema au ulichotaka kusikia. Wakikuambia "sitandibai" maana yake subiri, si ruhusa ya kuingia. Wakikuambia ukiwa fainali "endelea", endelea si kutua.

Na kuna neno "roja". Hili neno ndilo lililonimaliza. Roja maana yake nimepokea ujumbe wako wote. Si ndiyo. Si nitafanya. Si nimekubali. Kuna maneno mengine ya hayo. Lakini mi, mtoto wa Papa, nilipolisikia mara ya kwanza nilijua moja kwa moja hili ni "ndiyo shefu" ya angani, nikalipenda, nikalitumia kila mahali kama chumvi.

Nilichoweka akiba ni ishara za taa. Redio ikikufa unaweka namba 7600 kwenye transponda, kifaa kinachotuma namba yako kwenye rada, na mnara unakumulikia kwa taa: kijani kisichokatika umeruhusiwa kutua, kijani cha kupepesa rudi uje kutua, nyekundu isiyokatika wapishe wengine endelea kuzunguka, nyekundu ya kupepesa kiwanja si salama usitue. Mchana unajibu kwa kutikisa mabawa. Hakuna Kiingereza hapo! Kuna asubuhi nilikuwa naomba kabisa redio ife.

Sasa ile siku. Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa kusini na mwalimu pembeni yangu, jua limeanza kupanda, chini ni nyasi za mbuga na huku mbele mji unang'aa mabati. Nimeita vizuri, nimejibiwa vizuri, tumejiunga daunwindi, yaani ule upande unaoruka sambamba na raniwei ukielekea kinyume na utakavyotua, kawaida futi 1000 juu ya ardhi. Nilikuwa najisikia rubani. Mnara ukasema wewe ni namba mbili, mfuate Caravan, iko tu okloki yako, ripoti ukiiona.

Tu okloki. Angani wanagawa dunia kama uso wa saa, kumi na mbili ni puani kwako, tatu ni bega la kulia, sita ni mkiani. Kila mwanafunzi anajua hilo siku ya kwanza. Lakini kichwa changu kilifanya kile kinachofanya maisha yangu yote nikisikia saa ya Kizungu, kikatafsiri. Tu okloki, saa nane. Na shingo ikaenda kwenye namba nane, nyuma kushoto, nikaangalia kule kwa bidii kabisa, nimekodoa, hakuna kitu, mbuga tu na kivuli cha wingu.

Mnara ukauliza tena, umeiona?

Nikabonyeza kitufe nikasema roja, nimeiona.

Ilitoka yenyewe. Sikukusudia kudanganya mtu, wallahi, mtu mwenye mamlaka alisema iko pale, nani mimi niseme haipo? Aliniuliza mara mbili, kwetu shefu akiuliza mara mbili ujue umeshachelewa kusema ndiyo.

Mwalimu hakupaza sauti. Akasema, "Nionyeshe na kidole."

Kidole changu kiliinuka, kikatembea kwenye kioo, kikakosa pa kukaa. Akanishika mkono akaupeleka mbele kulia, na pale, kubwa kuliko nilivyotegemea ndege iwe, Caravan ilikuwa inapita kukata mbele yetu ikielekea fainali. Haikuwa hatari bado. Lakini mi nilikuwa nimeshaanza kugeuza usukani. Akachukua ndege, akachukua redio, akaurekebishia mnara kwa sentensi moja fupi bila kunitaja, tukatua, tukaegesha, propela ikasimama.

Nilisubiri matusi. Akaniuliza tu, "Bwana, ulipomwambia umeiona, unajua yeye alifanya nini?"

Sikujua.

"Alikufuta kichwani. Alikuwa amekubeba, ukamwambia umeshuka, akakuweka chini akaenda kubeba wengine."

Na ndivyo ilivyo kikazi, si mafumbo. Ukishasema umeiona ndege iliyo mbele, mnara unakuambia ifuate, na kuanzia hapo umbali kati yenu ni wako, pamoja na ule upepo unaozunguka ambao ndege kubwa inauacha nyuma yake na ambao unaweza kugeuza Cessna tumbo juu. Kontrola ana macho mawili na darubini na watu wengi. Neno lako ndilo linalompa ruhusa ya kuacha kukuangalia. Nililitoa neno lile kama mtu anayetoa mia mbili kizuizini, apite tu.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma simu, ndipo nilipokutana na ndege ya Avianca, shirika la Kolombia, ile iliyoanguka karibu na New York tarehe 25 Januari 1990. Walikuwa wamezungushwa hewani muda mrefu kwa ajili ya hali ya hewa na foleni, mafuta yanakwisha, na rubani msaidizi alimwambia kontrola kwamba mafuta yanatuishia, lakini lile neno la dharura halikutoka, wakapangwa kwenye foleni kama wengine, injini zikazima. Walikufa watu 73. Wachambuzi wameandika mengi kuhusu ile ajali, mpangilio wa mafuta, lugha, kupokezana taarifa kati ya makontrola, na mi si mchambuzi. Ila nilivyosoma vile walivyokuwa wanaongea kwa upole na mnara, nilimsikia Papa. Ndiyo shefu. Mafuta yanaisha kidogo shefu, ila kama una kazi tutasubiri.

Baada ya pale mwalimu alinipa zoezi ambalo sijawahi kuliona kwenye kitabu. Kila ruka, lazima nimkatalie mtu mara moja au nimwambie sijaelewa mara moja, hata kama nimeelewa. "Sei ageni", rudia. "Anebo", siwezi. "Negativu kontakti", siioni hiyo ndege. Nilikuwa nayasema kwa sauti ya mtu anayekopa hela. Mara ya kwanza nilipomwambia kontrola sei ageni nilitegemea anifukuze anga yake, na jamaa akarudia polepole, basi, akaendelea na kazi. Hakukasirika hata kidogo. Nakwambia nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Mtu mwenye mamlaka, nimemwambia sijaelewa, na akarudia!

Nafikiri shule za urubani zinazopokea watoto wa kwetu zingepaswa kuanza na hili kabla ya kufundisha usukani. Wanatupima Kiingereza wakati shida nusu yake iko kwenye adabu.

Siku niliyorudi peke yangu, kiti cha pembeni kitupu na ndege nyepesi inapanda kama imefurahi, ilikuwa karibu kama marudio. Daunwindi. Namba mbili. Caravan nyingine, au labda ile ile, iko fainali, ripoti ukiiona. Safari hii sikutafsiri kitu, niliangalia pale pale kwenye uso wa saa, na bado sikuiona. Ndege nyeupe juu ya mabati meupe, asubuhi, jua usoni, jaribu wewe. Jasho likaanza kunitoka kiganjani. Nikabonyeza nikasema negativu kontakti.

Wakasema endeleza daunwindi, tutakuambia ugeuke besi, yaani ule upande wa kukata kuelekea fainali.

Hiyo tu. Nikapitiliza pale ninapogeukaga, raniwei ikabaki nyuma ya bega, mji ukaanza kuonekana mgeni, na unajiuliza wamenisahau nini, na sheria ya nyumbani inakunong'oneza usiwasumbue. Nilihesabu mpaka thelathini nikawasumbua. Nikawakumbusha niko bado daunwindi. Wakajibu mara moja, Caravan imeshuka sasa, iko karibu na mwanzo wa raniwei, na hapo nikaiona kwa sababu kivuli chake kilikuwa kinakimbia mbele yake juu ya mapaa. Kivuli ndicho nilichokiona kwanza. Nikasema nimeiona, na safari hii nilikuwa na kitu cha kuonyesha na kidole. Wakasema geuka besi, namba moja sasa, jihadhari na upepo wa mkia wake. Nikakaa juu kidogo ya njia yake na nikalenga kugusa mbele ya pale alipogusa, kama nilivyofundishwa, juu ule upepo unashuka chini.

Fainali waliniambia endelea. Si kutua. Caravan ilikuwa inajivuta kutoka kwenye raniwei kama mama mkwe. Futi 400, bado. Futi 300, mkono uko kwenye throto, ile ya kuongeza nguvu ya injini, niko tayari kurudi juu, na hapo ruhusa ikaja, nikairudisha neno kwa neno na nikagonga chini mara mbili kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa mbaya sana ile kutua.

Machi 2024 nilikuwa nimesharudi Goma habari zilipoingia kwenye simu, tarehe 5, Dash 8 iliyotoka Wilson kwenda pwani na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya mbuga ile ile. Dash 8 na watu wake 44 ilirudi ikatua salama. Wawili wa kwenye Cessna walikufa. Sitasema nani hakuona nini, kuna watu kazi yao ni hiyo. Nilikaa kitandani nikiangalia picha ya zile nyasi, nikajua pale panaonekanaje ukiwa juu, jinsi palivyo pazuri na jinsi ndege nyeupe inavyopotea pale.

Hayo yote sikumwambia mudogo. Yeye nilimchorea tu daunwindi, besi, fainali, nikaweka kifuniko cha bia ya Primus kiwe Caravan na kiberiti kiwe sisi, na yeye akawa mnara. Akanogewa. Akakunja uso kabisa kama shefu, akaniambia namba mbili, Caravan iko tu okloki, unaiona? Nikaangalia simenti, giza lilikuwa limeshaingia na kifuniko kilikuwa kimeteleza chini ya kiti.

"Siioni," nikamwambia.

"Sasa nikuambie nini?"

Alikuwa bado anafikiria pale Mama alipotoka na ndoo na taa ya simu, akamulika baraza lake lote limejaa makala, akamwaga maji upande wa mlango na raniwei ikaondoka kipande cha kaskazini, ikabaki kipande tu, kama ile ya 2002.

"Nani alichafua hapa?"

Mudogo akaniangalia. Nikasema, "Sei ageni?"

Mama akarudia, na hakurudia polepole.